Ngome, Kasri na Kanisa: Matembezi katika Mji Mkongwe wa Unguja

Wekeni kalamu chini kwanza. Leo tutatembea. Baadaye tutaandika.

Kila mwaka watu wengi huja Unguja kwa ndege na kwa meli kutoka nchi za mbali, wakatoa fedha zao ili watazame kuta za zamani. Watu hao twawaita watalii. Huwaona wakipita vichochoroni na kamera shingoni, wakisimama, wakiinua macho juu, na pengine umejiuliza: wanatazama nini? Kuta ni zile zile tunazozipita tukienda sokoni. Swali lako ni zuri. Lakini liko swali jingine nalo ni zuri pia: kwa nini mgeni alipe ili aijue habari ya ukuta ule, nasi tulio karibu nao tusiijue bure? Basi leo sisi ndio tutakuwa watalii.

Simama katika bustani ya Forodhani, uipe bahari kisogo, uutazame mji. Mkono wako wa kuume iko ngome yenye kuta nene za rangi ya udongo. Mkono wa kushoto liko jumba refu la Beit el-Ajaib, na mbele yake kidogo, ukifuata ufuko, iko nyumba nyeupe iliyokuwa kasri ya masultani. Neno kasri maana yake ni nyumba ya mfalme. Na nyuma ya hayo yote, ndani ya mji, upande wa Mkunazini, uko mnara wa kanisa. Hatua chache tu zinatenga ngome na kasri, na kwa miguu si mbali kufika kanisani. Ni miji michache ambayo mtu aweza kusoma mambo mengi namna hii kabla jua halijawa kali.

Tuanze na ngome. Wenyeji huiita Ngome Kongwe. Kabla haijajengwa, mahali pale palikuwa na kanisa dogo la Wareno. Wareno walikuwa wameshika pwani hii kwa muda mrefu, wakijenga ngome na kutoza kodi. Mwezi wa Desemba 1698 Waarabu wa Omani waliitwaa Ngome ya Yesu huko Mombasa, baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Nguvu za Wareno upande huu wa kaskazini zikavunjika. Waomani walipoishika Unguja walijenga ngome hii ili Wareno wasirudi, na mawe ya kanisa hawakuyatupa. Ukiingia uani, utaonyeshwa mabaki ya ukuta wa kanisa lile ndani ya ukuta wa ngome. Utazame vizuri, kwa sababu mara nyingi historia ya pwani yetu iko hivyo: anayekuja hujenga juu ya mawe ya aliyeondoka.

Je, ngome ilipigana vita vikubwa? Hapana. Kazi iliyofanywa zaidi na kuta zile ilikuwa kufunga watu. Katika karne ya 19 ilikuwa gereza. Mwanzoni mwa karne ya 20, ilipojengwa reli ndogo ya kwenda Bububu, ikatumika kwa kazi za reli. Baadaye, mwaka 1949, ua wake ukafanywa uwanja wa wanawake wa kuchezea tenisi. Ndiyo, tenisi, mahali palipokuwa gereza! Siku hizi hupigwa ngoma na kuonyeshwa filamu, na mafundi huuza vitu vyao.

Sasa tuje Beit el-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu. Husemwa kwamba kiwanjani pale, zamani sana, palikuwa na nyumba ya Malkia Fatuma, aliyetawala Unguja katika karne ya 17 na aliyekuwa upande wa Wareno. Waomani waliposhinda walimchukua mpaka Maskati, akakaa huko miaka kadhaa kabla ya kurudishwa. Nalitaja jambo hili kwa kuwa watu wengine hudhani Unguja haikuwa na wenyewe mpaka Waarabu walipofika. Ilikuwa na wenyewe, tena wenye enzi.

Jumba lenyewe lilijengwa na Sultan Barghash bin Said, likamalizika mwaka 1883. Barghash alitawala tangu 1870 hata 1888. Alipokuwa kijana aliasi dhidi ya kaka yake, Sultan Majid, akashindwa, akapelekwa Bombay. Huko aliona mji wa kisasa: maji ya bomba, majumba makubwa, barabara safi. Aliporudi na kuwa sultani alitaka Unguja nayo iwe hivyo. Ndiye aliyeleta maji ya bomba mjini. Na jumba lake halikuwa la kulala. Lilikuwa la sherehe na la kupokelea wageni. Lilizungukwa na roshani pana zilizosimama juu ya nguzo za chuma, na milango yake ya mbao ilichongwa aya za Kurani. Ndilo jengo la kwanza Unguja kuwashwa taa za umeme, na hutajwa kuwa la kwanza katika Afrika ya Mashariki kuwa na lifti, yaani chumba kidogo cha kupandisha watu juu bila ngazi. Hapo ndipo watu walipostaajabu, wakaliita la maajabu.

Lakini mali ya kujenga ajabu ile ilitoka wapi? Ilitoka katika karafuu, pembe za ndovu, ushuru wa forodhani, na kwa miaka mingi, katika watumwa. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalilimwa na watu waliotekwa bara. Kiongozi wa wageni aweza kukusimulia kwamba watumwa walizikwa wakiwa hai chini ya nguzo za jumba. Hadithi hiyo hupendwa sana, na wageni hutikisa vichwa. Mimi nasema tusiichukue kuwa kweli pasipo ushahidi. Wala haihitajiki. Ubaya uliothibitika watosha, hauna haja ya kuongezewa chumvi.

Hapa tusimame kidogo, kwa maana ufuko huu uliona asubuhi moja ya kutisha sana. Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sultan Hamad bin Thuwaini. Tangu mwaka 1890 Unguja ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, nao walitaka kumchagua wenyewe atakayerithi. Khalid, mwana wa Barghash, hakungoja ruhusa. Siku ile ile aliingia kasrini na watu wake, akajitangaza kuwa sultani. Waingereza wakaleta manowari, zikafika tano, wakampa saa ya mwisho: kesho kutwa yake, tarehe 27, saa 3 asubuhi, ateremshe bendera na kutoka. Khalid hakuamini kwamba watapiga. Saa 3 na dakika 2 mizinga ikalia.

Vita vile havikufika saa nzima. Waandishi hawapatani: wengine husema dakika 38, wengine 45. Kwa hiyo huitwa vita vifupi kuliko vyote katika historia, na watalii husikia neno hilo wakacheka. Mimi sioni cha kuchekesha. Katika muda wa kupika chungu cha wali, watu kama 500 upande wa kasri waliuawa au kujeruhiwa, walinzi, watumishi na watumwa waliokuwa ndani ya nyumba za mbao na chokaa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Khalid alikimbilia kwa balozi wa Wadachi, akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimshika huko baadaye, mwaka 1916, wakampeleka uhamishoni, na mwisho alifia Mombasa mwaka 1927. Kasri ya zamani, Beit el-Sahel, ikabomolewa na makombora pamoja na Beit el-Hukm iliyokuwa jirani. Beit el-Ajaib halikuharibika sana. Mnara wa saa uliokuwa mbele yake ulianguka, ndipo ukajengwa mwingine mwaka 1897, safari hii ukiungwa na jumba lenyewe. Mwaka ule ule wa 1897 Sultan Hamoud, aliyewekwa na Waingereza, alitia sahihi amri ya kuondoa hali ya utumwa katika sheria za Unguja na Pemba. Hata hivyo masuria hawakuingizwa katika amri hiyo; wao walingoja mpaka 1909.

Tangu 1911 jumba likawa ofisi za serikali ya Waingereza. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 lilitumika kwa kazi za chama na serikali, na baadaye likawa makumbusho. Kumbe maji ya mvua, chumvi ya bahari na uzee vilikuwa vikilila. Kipande kilianguka mwaka 2012. Halafu tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa ndani wanalitengeneza, sehemu kubwa ya mbele ilianguka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walikufa. Kwa hiyo, msikilizaji, ukienda kulitazama Beit el-Ajaib, uliza kwanza hali yake na hali ya majumba ya jirani, maana majumba haya hufungwa kwa matengenezo. Pakiwekwa uzio, usiuruke. Jiwe la matumbawe lililokwisha kulegea halimtambui mwenyeji wala mgeni.

Nyumba nyeupe ya pili ilijengwa mahali pa Beit el-Sahel. Humo masultani walikaa mpaka Mapinduzi ya 1964, Sultan wa mwisho, Jamshid bin Abdullah, alipokimbia nchi. Ikaitwa Jumba la Wananchi, na mwaka 1994 ikafanywa makumbusho ya kasri. Ghorofa ya juu ni ya Sultan Khalifa bin Harub, aliyetawala tangu 1911 hata 1960, na vyumba vya wake zake. Kila mke alikuwa na samani za kupenda kwake, na tofauti yaonekana mara moja. Ukisikia neno kasri hufikiri dhahabu kila mahali; hapa utaona makabati ya kawaida, kama ya nyumba yoyote ya mtu mwenye nafasi wakati ule.

Lakini chumba ninachotaka darasa letu likitazame ni cha Sayyida Salme. Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, nje kidogo ya mji. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, yule aliyetoka Maskati akaifanya Unguja makao yake. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi. Siku zile watoto wa kike wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Kuandika kulionekana ni hatari kwa mwanamke. Basi Salme alifanya nini? Alichukua mfupa mweupe wa bega la ngamia, ndio ubao wa watoto wa siku zile, akaiweka Kurani mbele yake, akawa anaiga herufi moja moja kwa siri. Alipokwisha kuzijua, alimtaka mmoja wa watumwa waliokuwa na elimu amsahihishe mwandiko.

Ninyi mliokuja darasani mkiwa watu wazima, mkificha madaftari yenu chini ya kanga ili majirani wasiwacheke, bila shaka mnamwelewa Salme kuliko mtalii yeyote.

Na kuandika kule kulimtia mashakani. Mwaka 1859, Barghash alipoasi, Salme alikuwa na umri wa miaka 15 tu, lakini aliweza kuandika, akawa mwandishi wa barua za waasi. Uasi uliposhindwa, alibaki na lawama. Baadaye alipendana na mfanyabiashara Mdachi, Heinrich Ruete. Mwaka 1866 alitoroka kwa manowari ya Waingereza, akafika Aden, akabatizwa kwa jina la Emily na kuolewa mwaka 1867. Miaka mitatu tu baadaye mumewe aligongwa na gari la reli ya mjini, akafa, akamwacha na watoto wadogo katika nchi ya baridi. Mwaka 1885 alirudi Unguja akitaka haki yake ya urithi. Barghash, yule yule aliyemwandikia barua, hakutaka hata kumwona. Mwaka 1886 kitabu chake cha habari za maisha yake kilichapishwa kwa Kijerumani. Alikufa mwaka 1924.

Nampenda Salme, lakini nitasema na jambo lisilopendeza. Katika kitabu hicho aliutetea utumwa. Aliandika kwamba watu wa Ulaya hawauelewi. Mtu aliyejua uchungu wa kunyimwa kalamu hakuona uchungu wa yule aliyemsahihishia mwandiko. Jina la Salme liko katika chumba kizima cha makumbusho. Jina la mwalimu wake halimo.

Tukitafute basi kizazi cha yule mwalimu. Tutoke kasrini, tupite mjini mpaka Mkunazini, lilipo kanisa kuu la Waanglikana. Hapa palikuwa soko la watumwa. Watu waliotekwa bara, mbali kama Ziwa Nyasa na Maniema, waliletwa pwani kwa miguu, wakavushwa kwa majahazi wamebanwa, na walionusurika waliuzwa hapa. Mwezi wa Juni 1873, Waingereza walipotishia kuifunga bandari kwa manowari, Barghash alitia sahihi mapatano ya kufunga soko na kukataza biashara ya watumwa baharini. Wamisheni wakanunua kiwanja, na sehemu nyingine wakapewa na mfanyabiashara wa Kihindi. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka huo huo wa 1873, na siku ya Krismasi ya 1877 watu waliingia kusali, jengo likiwa halijakwisha.

Aliyelisimamia ni Askofu Edward Steere. Darasa la kusoma lina sababu yake ya kumjua. Alifika Unguja mwaka 1864, akakaa na wenyeji akijifunza maneno yao, na mwaka 1870 akatoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja, pamoja na kitabu cha hadithi alizosimuliwa. Akatafsiri pia sehemu za Biblia. Kiswahili hicho cha Unguja ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu kuanzia mwaka 1930, nacho ndicho kilichomo katika vitabu vyenu. Steere alikufa mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu. Wenyeji waliomsimulia hadithi zile, nao pia ni walimu wetu.

Ukiingia kanisani, vua kofia, sema kwa sauti ya chini, na ukikuta watu wanasali, kamera ikae mfukoni. Karibu na mlango utaona nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Husimuliwa kwamba Steere alikuwa safarini, na mafundi, ambao hawajapata kuona nguzo za namna ile, walizisimamisha walivyodhani. Aliporudi aliziacha. Mbele, kwenye madhabahu, husemwa ndipo ulipokuwa mti waliofungwa watumwa wakichapwa. Na uko msalaba wa mbao za mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone, kule Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia, mwaka 1873.

Nje, shimoni, ziko sanamu za watu watano wenye mnyororo shingoni, zilizochongwa na msanii mwanamke wa Uswidi mwishoni mwa miaka ya 1990. Nyuso zao zimetulia, hazilii. Wageni wengi hufika hapa wakisema sana, na hapa hunyamaza.

Karibu na hapo, chini ya jengo la Mtakatifu Monica, utaonyeshwa vyumba viwili vifupi, vyenye hewa kidogo. Kiongozi atakuambia watumwa walifungwa humo kabla ya kuuzwa. Watu wamelia machozi ndani yake. Lakini wako wanahistoria wanaosema kwamba jengo lile lilijengwa na wamisheni baada ya soko kufungwa, kwa kazi ya hospitali, na vyumba vya chini vilikuwa ghala. Ikiwa ndivyo, watumwa hawakufungwa humo. Soko lilikuwapo, hilo halina shaka. Watu waliuzwa hapo, hilo nalo limeandikwa na wengi walioliona kwa macho. Kinachobishaniwa ni vyumba viwili tu. Basi muulize kiongozi kwa adabu: “Bwana, jengo hili lilijengwa mwaka gani, na nani?” Kiongozi mzuri atafurahi kuulizwa. Asiyefurahi, mlipe haki yake, kisha ukaulize kwingine.

Sasa chukueni kalamu. Mwalimu atawapa dakika 10. Kila mmoja afikiri jengo moja la zamani lililo karibu na kwao, hata kama ni ukuta mmoja uliobaki, au msikiti usio na paa, au boma la Wadachi. Andika unachokiona pale kwa macho yako. Chini yake andika unachosimuliwa na wazee, na jina la mzee aliyekusimulia ulitaje. Usiyachanganye mambo hayo mawili katika mstari mmoja. Wasioweza bado kuandika sentensi nzima, waandike majina.

Juma lijalo tutakwenda kusini mpaka Kilwa Kisiwani, tuitazame Husuni Kubwa na msikiti mkuu. Mnaosikiliza nyumbani, msisahau kubadilisha betri za redio. Kwaherini.